Visanduku vya Mama Fomu

"Huyu hayupo," alisema msajili wa hospitali, macho yake kwenye kompyuta.

Bibi alikuwa amesimama mbele yake kabisa, mkono mmoja umeshika ukingo wa dirisha, mwingine umeshika mkono wa mkamwana wake. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kutokea na kitambaa kipya cha kichwa. Tangu alfajiri alikuwa ameulizia saa mara nne.

"Tafuta vizuri, dada yangu," mkamwana akasema. "Nilimwandikisha mwenyewe mwaka juzi. Ni wa arobaini na moja kwenye foleni ya macho. Karatasi hii hapa."

Msajili akachapa namba ya kwenye karatasi, akangoja, akakunja uso. "Nimempata. Amefungiwa. Hapa imeandikwa nakala."

"Nakala ya nini?"

"Ya mtu mwingine. Mfumo umeona huyu bibi na mtu fulani ni mtu mmoja, basi umembakiza yule wa kwanza." Akakigeuza kidogo kioo cha kompyuta ili mkamwana naye aone. "Yule wa kwanza ni mwanamke. Miaka thelathini na nane."

Mkamwana alilisoma lile jina kwenye kioo. Lilikuwa jina lake mwenyewe.

Nyuma yao kwenye foleni mtu akaangua kicheko. "Bibi, kumbe una miaka thelathini na nane! Hebu tuambie unapaka nini!"

"Napaka maji na sabuni," Bibi akajibu bila kugeuka. "Nawe ujaribu siku moja."

Foleni nzima ikacheka, hata msajili akatabasamu, lakini kicheko hakikumrudisha mtu kwenye orodha. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja kwa siku saba tu, na wangeanza kupasua Alhamisi. Orodha ya Alhamisi ingechapwa Alhamisi yenyewe asubuhi. Leo ilikuwa Jumatatu. Jicho la kushoto la Bibi lilikuwa limeshakufa, na la kulia lilikuwa limebakiza kuona mwanga wa dirisha na vivuli vya watu.

"Naweza kumwandikisha upya," msajili akasema kwa huruma. "Lakini atakwenda mwisho wa foleni. Mia sita na kitu. Hao madaktari hawatamfikia, nisikudanganye."

Njiani kurudi nyumbani Bibi alisema neno moja tu. "Sijawahi kuitwa nakala. Nimeitwa mengi, hilo bado."

Mkamwana alikuwa anajua vizuri sana ni nani aliyemfanya mama wa watu kuwa nakala.

*

Mtaani walimwita Mama Fomu, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kilichobandikwa ubavuni mwa nyumba, na ndani mlikuwa na kompyuta mbili, moja nzima na moja ya kuvumiliana nayo, printa, mashine ya kutoa kopi, na benchi la wateja. Aliyetaka kuomba kazi, shule, leseni au hati alikwenda kwake. Wewe ukae kwenye benchi useme, yeye achape. Alichapa haraka mpaka watoto walikuwa wakija kumtazama vidole.

Miaka miwili nyuma hospitali ilipotangaza kwamba mambo ya daftari yamekwisha, kila mtu ajiandikishe mtandaoni, Mama Fomu aliufungua ule ukurasa akajiandikisha yeye kwanza ili ajifunze njia. Akakuta visanduku kumi na vinne, na kila kimoja kina nyota nyekundu pembeni. Nyota maana yake lazima. Yeye alikuwa na vyote, akapita bila shida.

Shida ilianza na mteja wa pili, mama mmoja muuza mkaa. Barua pepe? Hana. Tarehe ya kuzaliwa? Anajua mwaka, tena kwa kukisia. Mama Fomu akaviacha vile visanduku wazi, akabonyeza Tuma. Ukurasa ukarudi na maandishi mekundu juu, TAARIFA BATILI, na vyote alivyojaza vimefutika, mpaka jina. Akaanza upya. Akaweka kistari. Batili. Akaandika "hana". Batili. Mara ya sita muuza mkaa aliinuka, akasema kwa upole kwamba labda hospitali haiwataki watu kama yeye, asisumbuke, atakwenda zake.

Hapo moyo ulimuuma Mama Fomu. "Kaa chini, shoga yangu," akamwambia. Akaandika barua pepe yake mwenyewe. Kwenye tarehe akaweka siku ya kwanza ya mwezi wa kwanza. Tuma. Ukurasa ukageuka kijani kibichi, hongera, umesajiliwa. Muuza mkaa alimkumbatia.

Toka siku hiyo ndiyo ikawa kazi. Asiye na barua pepe alipewa ya Mama Fomu, asiyejua siku yake alipewa siku ya kwanza ya mwaka. Vidole vyake vilizoea hata havikuuliza tena. Hakuona kama ni uongo. Aliona kama kumsogezea mtu kiti.

Ila Bibi hakumpa siku ya kwanza ya mwaka. Zamu yake ilipofika aliona haya kumpa mama mkwe wake tarehe ya kila mtu, kama mtu anayegawa sare. Akampa ya kwake, tarehe kumi na saba ya mwezi wa tisa. Akamwambia, "Mama, nimekuandika tarehe kumi na saba, mwezi wa tisa," na Bibi akasema, "Haya, mwanangu, wewe ndiye unayejua."

*

Kabla ya saa sita mchana Jumatatu hiyo habari zilikuwa zimeenea. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alikuja na karatasi mkononi, aproni bado shingoni.

"Mama Fomu, nimekwenda kuchukua dawa za presha nikaambiwa mimi ni mwanamke."

"Ingia ndani, usipige kelele."

"Nisipige kelele! Mbele ya watu! Wananiuliza, wewe si ndiye huyu mama mwenye duka la kompyuta? Mimi, na ndevu zangu hizi!"

Nyuma yake akaja muuza mkaa, halafu mwalimu mstaafu, halafu msichana mwenye mimba ya miezi minane ambaye kadi yake ilikataa kufunguka. Mama Fomu aliwaambia wote jambo moja, kwamba mtandao una matatizo, warudi kesho. Ulikuwa uongo wa pili juu ya ule wa kwanza, na huu aliuona kabisa ukimtoka mdomoni. Akafunga mlango wa duka mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azae.

Alimkuta Bibi uani, sinia la maharage mapajani, anachambua kwa vidole. Jiwe alilijua kwa kuligusa tu, akalitupa pembeni. Mumewe alikuwa amekuja kula, shati lake limetobolewa na cheche za kuchomelea. Mama Fomu akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasema yote bila kupumua. Idadi aliisema mwisho. Alikuwa amehesabu kwenye daftari lake la wateja, na walikuwa watu mia na themanini na saba.

Mumewe aliacha kutafuna. "Yaani mtaa mzima ni mke wangu?"

"Usinitanie leo, Baba Watoto."

"Sikutanii. Nauliza nijue. Na kinyozi?"

"Na kinyozi."

Mwanamume akafunika uso kwa viganja, mabega yakawa yanatikisika, na Mama Fomu hakujua kama analia au anacheka mpaka alipoinua uso. Alikuwa anacheka, maskini, lakini macho yalikuwa na hofu. "Wataliita kughushi," akasema. "Watafunga duka. Usiende kujisema mwenyewe. Mfungulie mama barua pepe yake mpya, mbembeleze yule msajili, tumpate mama jicho lake. Hao wengine watajua wenyewe."

"Namba ya foleni imo kwenye ile fomu ya zamani. Ya mwanzo. Hiyo lazima ifufuliwe, na siwezi kuifufua mimi."

"Na yule msichana mwenye mimba?" Bibi akauliza.

Wakamgeukia. Vidole vyake havikuacha kuchambua.

"Naye yumo, Mama," Mama Fomu akajibu.

"Basi kesho utakwenda kwa hao wenye mfumo wao. Utasema kama ulivyotuambia sisi." Akatupa jiwe jingine. "Ile tarehe uliyoniandika. Ilikuwa ya nani?"

Mama Fomu aliangalia chini. "Ya kwangu, Mama. Nisamehe. Sikuwa na nyingine nzuri."

Bibi alinyanyuka na sinia lake, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akaingia ndani. Mama Fomu aliyatazama mawe yaliyobaki chini, akaona amemkosea mama mkwe wake mara mbili, macho na heshima.

*

Ofisi ya mfumo ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo lenye lifti mbovu. Getini mlinzi alimsukumia daftari la wageni. Jina, saa ya kuingia, unakwenda kwa nani, simu, barua pepe. Kabla yake alikuwa ameandika mzee mmoja, na kwenye barua pepe pana kistari tu.

"Huyu hakuwa nayo?" Mama Fomu akauliza.

"Weka kistari tu, mama. Asiye nacho hana," mlinzi akasema.

Mama Fomu akaliangalia lile daftari kwa muda, kama amekutana na ndugu.

Aliyetengeneza mfumo alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani, anakula karanga kutoka kwenye karatasi mezani. Mama Fomu alipotaja barua pepe yake, karanga zilimwagika.

"Ni wewe!" msichana akasema. "Wiki nzima nakuwaza. Barua pepe moja, watu mia na themanini na saba! Nilidhani ni mwizi wa dawa."

"Basi mwizi amejileta mwenyewe, mdogo wangu. Nipe kiti."

Akaeleza. Muuza mkaa, mara sita, TAARIFA BATILI, moyo ulivyomuuma. Msichana alisikiliza amekunja mikono.

"Lakini ulijaza uongo, Mama."

"Nilijaza. Sikatai. Na wewe ungemjazia nini mtu asiye na barua pepe, wakati kisanduku chako kimekataa kuachwa wazi, kimekataa kistari, kimekataa neno hana? Mlinzi wenu pale getini ana daftari linalokubali kistari. Nyinyi huku juu na mashine zenu zote mmeshindwa na daftari."

Msichana akaigeuza kompyuta yake Mama Fomu aone. Mistari ilikuwa mingi, ya rangi rangi, lakini mahali pamoja majina ya visanduku yalipangwa kama orodha ya sokoni, na pembeni ya kila jina palikuwa na neno lile lile.

"Sisi hatuanzi kila kitu wenyewe," akaeleza. "Kuna chombo kilichotengenezwa tayari, sisi tunajengea juu yake. Ukitaka kisanduku kiwe cha lazima unaandika neno moja tu, hili hapa, na chombo kinafanya kazi yote. Kinakagua, kinakataa, kinaandika BATILI. Ni rahisi mno." Akagusa jina la kwanza kwa kidole. "Nililiandika kwenye kimoja, halafu nikalinakili kwenye vyote kumi na vinne. Nilikuwa na haraka. Tena niliona ni uangalifu."

"Na hii ya nakala?"

"Wiki iliyopita. Niliongeza kanuni nyingine, barua pepe moja, mtu mmoja. Halafu nikapitisha kanuni hiyo kwa watu wote wa zamani. Mkuu wangu alinipigia makofi kwenye mkutano." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi. "Hakuna aliyelalamika kuhusu ile fomu, Mama. Miaka miwili. Nilijivunia."

"Angelalamikaje? Anayekataliwa na fomu yako hafiki kwako. Anafika kwangu."

Msichana akainamisha kichwa. Alikuwa mdogo kuliko alivyoonekana mwanzo, na Mama Fomu, aliyekuja amejiandaa kugombana, ghafla akamwonea huruma. Akazikusanya zile karanga zilizomwagika, akazirudisha kwenye karatasi.

"Bosi atasemaje?" akauliza.

"Atanisema mimi. Labda na wewe. Nitamwambia fomu ndiyo iliyoanza." Msichana akavaa miwani. "Sikuwafuta kabisa, niliwafungia tu. Kila mmoja bado yupo na namba yake ya foleni. Naweza kuwafungua, lakini sitawafungua na uongo ule ule. Kila mtu aje mbele yako, ujaze upya, ukweli tu. Mwisho kesho jioni, maana orodha ya macho inachapwa Alhamisi asubuhi."

"Nitajaza ukweli gani na visanduku havitaki?"

"Vitataka."

Akaanza kufuta. Mama Fomu akavuta kiti karibu, na kazi ikawa ya wawili. Barua pepe, lile neno likaondoka. Simu ya pili, likaondoka. Jina la mtaa, namba ya nyumba, simu ya kazini, yakaondoka. Pembeni ya tarehe ya kuzaliwa pakawekwa njia ya kuandika mwaka peke yake, na njia nyingine ya kusema haijulikani. Kwa macho yake Mama Fomu aliona hayakufika maneno sita yaliyofutwa, na akakumbuka uso wa muuza mkaa, akataka kulia kwa hasira.

"Jina ulibakize la lazima," akasema, "na lile sharti la kukataa tarehe ambayo bado haijafika. Siku moja nilikosea namba nikamwandika seremala amezaliwa mwaka kesho. Likanikamata."

"Hilo libaki," msichana akacheka. "Kumbe kuna nililofanya vizuri."

"Na mtu akikosea kimoja isifute vyote. Mtu amekaa saa nzima anachapa kwa kidole kimoja, unamfutia mpaka jina la baba yake? Hiyo ni dharau."

Hilo lilichukua muda mrefu zaidi. Mwisho msichana akauliza, "Na hapa penye TAARIFA BATILI, niandike nini?"

Mama Fomu akafikiri jinsi anavyowaambia watu kwenye benchi lake. "Andika, Tafadhali angalia hapa tena. Na uweke karibu na penye kosa, siyo juu kule kama tangazo la msiba."

*

Jumatano benchi la Mama Fomu lilitolewa nje, yakaongezwa mengine mawili ya kuazima. Tangu asubuhi alisimama mlangoni akawaambia watu ukweli. Mtandao haukuwa na tatizo, tatizo lilikuwa yeye. Aliwaandika barua pepe yake na siku ya kwanza ya mwaka, mambo yasiyo yao, na hakuwauliza, na leo atawaandika upya bila malipo.

Mwalimu mstaafu akasema, kwa sauti ile ile aliyofundishia miaka thelathini, "Mimi siku yangu ya kuzaliwa naijua. Uliniandika siku ya kwanza ya mwaka kwa sababu gani?"

"Kwa sababu nilikuwa nimezoea, Mwalimu. Sikukuuliza."

"Hilo limenikera kuliko kuitwa mwanamke."

"Una haki, Mwalimu. Nisamehe."

Ilimchoma. Watu waliomheshimu walimtazama kama mtu aliyewapunja kwenye mizani. Mama mmoja alichukua karatasi yake akaondoka, akasema atatafuta mtu mwingine wa kumwandikia. Kinyozi ndiye aliyewaokoa wote.

"Hebu ngojeni," akasema. "Yaani mtaa mzima tumezaliwa siku moja? Hiyo siku wakunga walikula saa ngapi?"

Vicheko vikapasuka, foleni ikaanza kusogea. Kila mtu alikaa, na Mama Fomu aliuliza kama mtu anayeanza kazi leo. Una barua pepe? Huna, sawa, tunaacha wazi. Unajua tarehe? Mwaka tu, sawa. Kila aliyesema "sina" alimtazama kwa woga, akitegemea mashine ipige kelele, na mashine ilinyamaza. Muuza mkaa alipoona kisanduku kimeachwa wazi na ukurasa umegeuka kijani, aliinama akakitazama kioo kwa karibu.

"Kumbe hata ikiwa hivyo wanakupokea?"

"Sasa wanakupokea," Mama Fomu akasema, akajifanya anatafuta kalamu.

Msichana mwenye mimba alipita, kinyozi alipita akakaguliwa mara mbili kwenye kisanduku cha jinsia kwa ombi lake mwenyewe. Kufikia saa kumi na moja jioni walikuwa wamebaki wachache. Mama Fomu aliingia ndani kumchukua Bibi amkamilishe, asimkute. Bibi alikuwa nje, mwisho wa benchi, mikono juu ya fimbo, anangoja zamu kama watu wengine. Tangu Jumatatu alikuwa hajamsemesha mkamwana wake zaidi ya salamu.

"Mama, wewe ungeniita tu."

"Hapana. Leo kila mtu kwa zamu yake."

Zamu ilipofika Bibi alikaa, akanyoosha kitambaa cha kichwa kama anapigwa picha. Mama Fomu aliuliza yote, jina, mtaa, jina la ukoo, kwa sauti ya kazi, kwa kuwa sauti nyingine isingemtoka.

"Barua pepe?"

"Sina."

"Tarehe ya kuzaliwa?"

Bibi aliweka fimbo mapajani. "Sema ukweli. Si ndivyo ulivyowaambia wenzangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi haijulikani."

Mama Fomu akabonyeza haijulikani. Lilikuwa jambo la kweli na lilitakiwa, na bado lilimuuma kama amemnyang'anya mama wa watu kitu alichompa kwa mkono wake. Ukurasa ukageuka kijani. Saa moja baadaye simu yake ililia, msichana wa karanga. Wote wamefunguliwa, isipokuwa yule aliyeondoka na karatasi yake. Bibi ni wa arobaini na moja.

*

Alhamisi wodi ya macho ilijaa. Viti vilipangwa ukutani, kila mgonjwa na mtu wake. Muuguzi alipita na kompyuta ndogo ya mkononi akihakiki majina, alipofika kwa Bibi akasita. Kulikuwa na bibi mwingine, viti vitatu mbele, mwenye jina lile lile.

"Hapa lazima niwatenganishe nisije nikampeleka asiye wake," akasema. "Bibi, umezaliwa lini?"

Mama Fomu alifungua mdomo kujibu, lakini Bibi alimtangulia.

"Tarehe kumi na saba, mwezi wa tisa."

Muuguzi akatazama kioo chake. "Mbona hapa imeandikwa haijulikani?"

"Mama," Mama Fomu akanong'ona, "jana si tuliandika..."

"Jana niliulizwa nimezaliwa lini, sijui, na nikasema sijui. Mama yangu hakuwa na kalenda." Bibi akainua uso kuelekea sauti ya muuguzi. "Lakini siku yangu ninayo. Nimepewa na huyu hapa. Miaka sabini watu wameniandika mambo wanayotaka wao, huyu peke yake alikata siku yake mwenyewe akanigawia nusu. Sasa unataka niirudishe?"

Mama Fomu alijaribu kufuta macho kwa mgongo wa mkono, akaona haitoshi, akaacha yatiririke.

"Nilidhani umenikasirikia, Mama."

"Nilikukasirikia. Siku mbili nzima. Ulinipa zawadi hukuniambia ni zawadi. Ningekushukuru mapema."

Muuguzi alishuka na kidole kwenye kioo, akapita visanduku vya nyota, akafika chini kabisa kwenye kimoja kisicho na nyota, Maelezo Mengine. Akaandika polepole huku akisema kwa sauti ili Bibi asikie: mgonjwa mwenyewe anasema siku yake ni tarehe kumi na saba, mwezi wa tisa. Akabonyeza. Kisanduku kikapokea.

Walikaa wameshikana mikono. Yule bibi mwingine aliinama akauliza kama na yeye anaweza kupewa tarehe, na Mama Fomu akamwambia akitoka salama aje dukani, wataizungumza vizuri, kwa kumuuliza kwanza.

Halafu mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguliwa. Akatoka muuguzi mwingine, mwanamume, mwenye kofia ya kijani na karatasi mkononi, akaita jina, akaona vichwa viwili vimeinuka, akaisoma tena karatasi yake.

"Ninamtaka wa tarehe kumi na saba, mwezi wa tisa!"

Mama Fomu akasimama. Na Bibi akasimama.

Muuguzi akawatazama, mmoja kisha mwingine. "Mgonjwa ni nani kati yenu?"

"Ni mimi," Bibi akasema, akimkabidhi mkamwana wake fimbo. "Huyu ni nakala yangu."